Jinsi ya Kusoma Takwimu za Watu wa Kijiji Kidogo cha India

Maswali tunayopokea kuhusu wakazi wa vijiji vya India yameongezeka tangu Juni 2025, Serikali ya nchi hiyo ilipotangaza kwamba sensa iliyoahirishwa mwaka 2021 itafanyika kwa kurejelea usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 2027, isipokuwa maeneo ya theluji yatakayotangulia. Hadi matokeo yatoke, takwimu rasmi za kijiji kimoja kimoja ni za mwaka 2011, na anayezinukuu hana budi kutaja mwaka huo. Kuziandika kana kwamba ni za leo ni kupotosha.

Tuchukue kijiji cha mfano chenye kaya 60 na watu 300, wakiwemo watoto 40 wa umri wa miaka 0 hadi 6. Uwiano wa jinsia nchini India hutajwa kwa idadi ya wanawake kwa kila wanaume 1,000, na kitaifa mwaka 2011 ulikuwa 943. Ikiwa watoto hao 40 ni wavulana 22 na wasichana 18, uwiano wao ni 818, na wapo watakaotangaza mara moja kwamba kijiji hicho kinatoa mimba za kike. Wavulana wakiwa 20 na wasichana 20, uwiano unapanda hadi 1,000. Uchaguzi wa jinsia ya mtoto ni tatizo la kweli linaloumiza, na sheria ya mwaka 1994 inakataza kufichua jinsia ya mtoto aliye tumboni. Lakini ushahidi wake hutafutwa katika takwimu za wilaya na majimbo, wala si katika kaya 60.

Kosa jingine linalorudiwa mno ni la kusoma na kuandika. Kiwango hiki hukokotolewa kwa watu wenye miaka 7 na kuendelea. Wanaojua kusoma wakiwa 195, wagawanywe kwa 260, si kwa 300, na jibu ni asilimia 75 badala ya 65.

Safu ya ajira nayo hueleweka vibaya. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita katika mwaka huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda, hata kama ni kibarua wa shamba aliyekosa kazi baada ya mavuno. Kumwita mvivu ni kumdhulumu.

Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka kwamba walihesabiwa pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Utaratibu wa India ulikuwa tofauti: mwaka 2011 makarani walihesabu kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari, kisha wakarudi tarehe 1 hadi 5 Machi kurekebisha waliozaliwa na waliofariki. Mtu wa Kutch, wilaya ya jimbo la Gujarat, aliyekuwa Nairobi au Mombasa muda wote huo hakuhesabiwa kijijini kwao, hata kama nyumba yake ipo. Vilevile, Wasidi wa baadhi ya wilaya za Gujarat, ambao asili yao ni Afrika, hujumlishwa katika safu ya makabila yaliyoorodheshwa, yaani yaliyotambuliwa rasmi na serikali, na jedwali la kijiji halitaji kabila kwa jina.

Kuhusu sheria, tunasisitiza kwamba Sheria ya Sensa ya India ya mwaka 1948 inamtaka kila mtu ajibu kwa kadiri ya ufahamu wake. Anayekataa kujibu, anayedanganya kwa makusudi, anayemzuia karani kuingia au anayefuta namba ya sensa iliyochorwa nyumbani kabla ya muda wake anaweza kutozwa faini isiyozidi rupia 1,000. Karani anayetoa siri bila idhini anaweza pia kufungwa hadi miaka mitatu. Kumbukumbu za mtu mmoja mmoja hazifunguliwi kwa ukaguzi, hivyo madai kwamba zitapelekwa kwa watoza kodi hayana msingi katika sheria hiyo. Aidha, kifungu cha 8 hakimlazimishi mwanamke kutaja jina la mumewe, aliye hai au marehemu, ikiwa mila inamkataza. Karani anayemshurutisha amekiuka sheria anayoitumikia.