Malakiti, mukula, kobalti: karatasi za kutafuta Lubumbashi kabla ya Kasumbalesa

Mzigo unaozuiliwa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, mara nyingi umeharibikia Lubumbashi, siku mwenye mali alipoandika fakitire (ankara).

Chukua malakiti, ambayo wachongaji wa hapa wanawauzia wateja wa ng'ambo. Malakiti ni madini ya shaba. Ukiandika tu «mawe ya malakiti», mtu wa dwane (forodha) anaweza kuyahesabu kama shaba ghafi, namba ya ushuru 2603, na hapo unaingia katika sheria za madini ukiwa na boksi moja la mapambo. Jiwe la mapambo ambalo bado halijawa kitu liko 7103. Mkufu au tembo aliyechongwa yuko 7116. Basi fakitire iseme kitu chenyewe: «mikufu 40 ya malakiti iliyosuguliwa, uzito wa mali kilo 6, uzito pamoja na boksi kilo 8, dola 5 kila mmoja, jumla dola 200». Uzito huo huo urudiwe kwenye kila karatasi. Wengi hupima nyumbani bila boksi, msafirishaji anapima na boksi, kisha karatasi mbili zinagombana mbele ya afisa.

Muuzaji mwenyewe awe na RCCM (namba ya daftari la biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa), namba ya kodi na namba ya import-export ambayo tarehe yake haijapita. Kisha unakwenda banki na fakitire ya proforma kufungua deklarasio ya EB, yaani ya kupeleka mali nje. Watu wengi huiita «lisansi», lakini ni ahadi pia: bei ya mali itarudi nchini kupitia banki hiyo. Mteja akituma pesa kwa njia nyingine, hata kwa nia njema, dosye inabaki wazi, na safari ijayo banki inaweza kukukatalia. Jina la mlipaji lifanane na jina la mnunuzi.

OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa mali, wanakagua wingi na ubora; waite kabla hujapiga sanduku misumari. CEEC, kituo cha serikali cha mawe ya thamani, ndio wanaopima na kutoa cheti cha mawe. Hata sanduku lina sheria yake: nchi nyingi, Afrika Kusini na za Ulaya zikiwemo, zinataka mbao za kufungia ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa moto wa nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka katikati ya mbao, na zigongwe muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia. Sanduku la fundi wa mtaani, hata liwe zuri vipi, halina muhuri huo. Katoni nene inaondoa shida hiyo.

Kwa nini yote yafanyike mjini? Dekre 036/2002 ya 28 Machi 2002 inaruhusu huduma nne tu kukaa mpakani: dwane (leo DGDA), OCC, DGM (uhamiaji) na usafi wa afya. Karatasi ya huduma nyingine uende nayo tayari. Na anayekudai pesa pale nje ya hizo nne, mwombe akuonyeshe maandishi yanayomruhusu, na risiti.

Mukula, mti wa mbao nyekundu, ni habari nyingine. Tangu 2019 mti huo uko katika Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini: gogo au ubao bila kibali cha CITES unaweza kukamatwa hata baada ya kuvuka mpaka. Kobalti ndiyo ngumu zaidi: usafirishaji ulisimamishwa tarehe 22 Februari 2025, na tangu 16 Oktoba 2025 unakwenda kwa kota (kiasi anachoruhusiwa kila mmoja) za ARECOMS, mamlaka ya Kongo ya soko la madini ya kimkakati, tani 96.600 kwa mwaka 2026. Asiye na kota asitafute kamio (lori).

Ruhusa ya Kongo haimfungi Mzambia. Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji kutoka Zambia, Zambia ilifunga vituo vya mpaka vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Mwenye mali na msafirishaji waandike kwenye mkataba, kabla ya kupakia, nani atalipa siku za kamio kusimama.