Umebadilisha fani ya ubingwa? Usiifiche

“Nisipotaja, hawatajua.” Madaktari wa Kisumu, Nakuru na Eldoret wanaoomba residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) Marekani wanairudia kauli hii kila msimu, na inawaharibia maombi mazuri.

Watajua, tena mapema. Fomu ya ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi hayo, ina nafasi 10 za kazi na shughuli zako, na 3 kati yake unazitia alama kuwa ndizo zenye uzito zaidi. Kama miaka yako yote ya wodi ni ya upasuaji, utafiti wako ni wa mifupa iliyovunjika, na sasa unaomba magonjwa ya ndani, msomaji anaona moja kwa moja. Usipompa sababu atajitafutia yake: ama upasuaji ulikushinda, ama magonjwa ya ndani umeyachagua kwa kukosa jingine. Kwa vyovyote vile, hutaitwa kwenye usaili.

Maelezo binafsi, yaani insha ya kujieleza unayotuma na maombi, yaishie ukurasa mmoja. Suala la kuhama liingie aya ya pili kwa sentensi tatu au nne, halafu uendelee na mengine. Wengi huandika “niligundua napenda kukaa na wagonjwa”, maneno ambayo hata daktari wa macho anaweza kuyasema. Linganisha na haya: “Katika wodi ya upasuaji nilishiriki kuwakata miguu wagonjwa waliojua wana kisukari siku ile ile waliyolazwa, kidonda kikiwa kimeshaoza. Nikaanza kwenda kliniki ya kisukari kila Jumanne, na huko niliona vidonda vidogo vikipona bila kisu.” Hapo kuna ulikotoka, kilichokugeuza na hatua uliyochukua baadaye. Hatua hiyo ndiyo wanayoitafuta. Mtu aliyehama kwa maneno tu, bila hata mwezi mmoja wa kazi kwenye fani mpya, hana cha kuwaonyesha, na heri asubiri msimu ujao akaifanye kazi hiyo kwanza.

Usiombe radhi, na usiiseme vibaya fani ya zamani. Malalamiko ya zamu ndefu na mabosi wakali yanamwambia msomaji kwamba mwaka kesho utamlalamikia yeye.

“Barua za mapendekezo za fani ya zamani hazina kazi.” Zina kazi. Kila programu inapokea hadi barua 4. Mbili angalau zitoke fani mpya, lakini nafasi moja mpe daktari wa upasuaji anayekujua vizuri, na umwombe aandike wazi kwamba anajua unahama na angefurahi ungebaki. Sentensi hiyo moja inaua dhana ya kushindwa kuliko chochote utakachojiandikia mwenyewe.

“Maelezo mamoja yanatosha fani mbili.” Hapana. ERAS inakuruhusu kuhifadhi matoleo kadhaa na kuipangia kila programu lake. Kabla ya kutuma, fungua programu moja moja uhakikishe. Programu ya watoto ikisoma jinsi unavyoupenda upasuaji, imekwisha.

“Residensi niliyoiacha si lazima niitaje.” Ni lazima. Fomu inauliza mafunzo ya awali, nawe unathibitisha kwamba taarifa zako ni kamili na za kweli. Programu mpya itahitaji pia tathmini yako kutoka ile ya kwanza. Na aliyepata nafasi kupitia Match, mpango wa Marekani wa kuwaoanisha waombaji na programu, amefungwa nayo hadi siku 45 baada ya mafunzo kuanza. Kabla ya hapo, anayetaka kutoka anaomba ruhusa NRMP, shirika linaloiendesha Match. Jingine ambalo wachache hulifikiria ni pesa. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayozilipa hospitali kwa kufundisha madaktari, huhesabu miaka yako kwa fani uliyoanza nayo. Ukianza tiba ya familia, ya miaka 3, kisha ukahamia upasuaji, wa miaka 5, kwa miaka inayozidi unahesabiwa nusu tu kwenye malipo ya moja kwa moja ya mafunzo ambayo hospitali inapata. Ukiulizwa miaka uliyobakiwa nayo, uwe na jibu.

“MMed (shahada ya ubingwa) ya hapa nyumbani haina maswali hayo.” Jiandae nayo vile vile. Mabingwa wa magharibi wanajuana, na simu moja kutoka Eldoret hadi Kisumu inatosha kuulizia habari zako. Mwambie bosi wa wodi unayoiacha kabla hajaipokea simu hiyo.