Kuzoea Pombe Hakupunguzi Pombe Iliyomo kwenye Damu

Tangu ukaguzi wa madereva nyakati za usiku uongezwe, malalamiko yanayotufikia maabara yamekuwa na sura moja: dereva anakiri kwamba alikunywa, lakini anayapinga majibu ya kipimo cha pombe kwenye damu yake kwa kuwa alitembea bila kuyumba, aliongea vizuri na alikuwa anajimudu. Tunaamini wengi wao hawana nia mbaya. Hata hivyo, hoja hiyo inachanganya mambo mawili tofauti kabisa, yaani kiasi cha pombe kilichomo kwenye damu na namna ubongo ulivyoizoea.

Ushahidi mzuri wa tofauti hiyo umetokana na wanyama wa maabara. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wadogo waliokwisha kuizoea pombe hubaki na mazoea hayo hata baada ya kuachishwa, ilimradi wapewe vasopresini, homoni ileile inayozuia mwili kupoteza maji mengi kwa njia ya mkojo. Huko Toronto, Kanada, panya waliopunguziwa kwa dawa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, walichelewa kuizoea pombe, na baadaye ikabainika kwamba ketamini na dizosilipini, dawa zinazoziba vipokezi vya glutamati (kemikali nyingine ya ujumbe) ambavyo ubongo huvitegemea katika kujifunza, huzuia mazoea hayo yasijengeke. Hata inzi wa matunda wasioweza kutengeneza oktopamini, kemikali ya ujumbe kwenye ubongo wao, huizoea pombe kwa shida. Kama kuzoea kungekuwa kazi ya ini peke yake, kemikali zinazogusa kumbukumbu zisingekuwa na nafasi hapo. Ubongo ndio unaojifunza kufanya kazi pombe ikiwemo, na pombe yenyewe haijaondoka.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni kwamba mafunzo hayo hufungamana na mahali. Panya waliozoeshwa pombe katika chumba kimoja walionekana kuimudu humo, lakini walipopewa kiasi kilekile cha pombe katika chumba kingine, joto la miili yao, ambalo pombe hulishusha, lilishuka kama la panya wasioizoea. Mtu anayejimudu kwenye kiti chake cha kila jioni hana sababu ya kuamini kwamba atajimudu vivyo hivyo akiwa kwenye usukani, gizani, mtoto akikatiza barabara ghafla.

Tafadhali, mtu yeyote asichukue maelezo haya kuwa ushauri wa dawa. Ketamini ni dawa ya usingizi inayotolewa na wataalamu hospitalini, na kuichanganya na pombe kunaweza kuhatarisha upumuaji. Wala supu, ndimu, kahawa au kuzimua asubuhi hakuiondoi pombe kwenye damu; tumelieleza jambo hili mara nyingi, na bado tunaulizwa kila wiki. Ini huondoa kwa wastani miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa, na ingawa la mnywaji wa siku nyingi huweza kwenda kasi zaidi, tofauti hiyo haitoshi kumwokoa. Kwa wastani huo, aliyefikia miligramu 160 atahitaji zaidi ya saa 5 kushuka hadi 80, ambacho ndicho kikomo cha sheria nchini Tanzania.

Kuhusu sampuli, utaratibu ni huu. Ngozi husafishwa kwa dawa isiyo na spiriti, kisha damu huwekwa kwenye kichupa chenye floridi ili vijidudu visitengeneze pombe wala kuila. Kichupa huandikwa jina, tarehe na saa, hufungwa kwa lakiri, na kila anayekipokea hutia saini kabla hakijafika kwetu kupimwa kwa kromatografia ya gesi, yaani kwa mtambo unaotenganisha kemikali zilizomo kwenye sampuli na kupima kiasi chake. Mtambo huo hupima pombe iliyomo, si namna mwenye damu alivyokuwa akitembea. Dereva anayeona jina au saa imeandikwa vibaya kwenye lebo aseme papo hapo, kabla kichupa hakijafungwa, kwa sababu kosa la namna hiyo ni gumu sana kulirekebisha baadaye mbele ya mahakama.