Digrii mbili kwa mpigo: mwaka unaookolewa unatoka wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwezi wa saba, steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, hugeuka ofisi ya ushauri bila mimi kupenda. Vijana wanaingia na simu za vioo vilivyopasuka, wanataka kuskani vyeti, kuchapa barua, kujaza maombi ya vyuo na ya mkopo wa bodi. Foleni ikifika nje kwa fundi baiskeli, maneno ni yaleyale: nani kapata wani, nani kachaguliwa wapi, nani ana mjomba ughaibuni.

Msimu huu kumezuka jambo la "digrii mbili kwa mpigo", yaani shahada mbili zilizounganishwa katika mpango mmoja. Juzi aliingia mama mmoja na mwanawe, kijana wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), mpole, anaamkia kila mtu. Alinipa simu nimchapie kurasa mbili za chuo kimoja cha Marekani. Zilipotoka akazungushia wino mwekundu penye 3+3. Mama akaikodolea macho ile karatasi, kisha akaniuliza: "Kaka, hii tatu jumlisha tatu, ndiyo akirudi ni wakili?"

Nikavuta stuli. Swali lake lilikuwa moja, lakini nyuma yake kulikuwa na mambo mengine chungu nzima ambayo nayasikia kila siku, na mengi si hivyo yanavyosemwa.

"Wamepunguza masomo"

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani kuna chuo kimekaa kikafyeka mtaala ili watu wawahi kumaliza.

Mmarekani kwa kawaida anasoma shahada ya kwanza miaka 4, anakusanya krediti, yaani pointi za kozi, kama 120. Sheria kwao huingii ukitoka sekondari. Sharti uwe na shahada ya kitu kingine kwanza, iwe historia, uchumi au hata muziki, ndipo uingie skuli ya sheria miaka 3 upate JD, shahada yao ya sheria. Jumla miaka 7. Kwenye 3+3, mwanafunzi anasoma miaka 3 ya shahada ya kwanza, halafu mwaka wa nne anauanzia skuli ya sheria. Masomo ya mwaka huo yanahesabiwa pande zote mbili: yanamalizia shahada ya kwanza, na papo hapo ndiyo mwaka wa kwanza wa JD. Miaka 7 inakuwa 6. Inawezekana kwa sababu kanuni za ABA, chama cha wanasheria kinachoidhinisha skuli za sheria kule, zinaruhusu kumpokea aliyekwisha kupata robo tatu ya krediti za shahada ya kwanza.

Nilimwambia yule mama aifikirie doti ya kanga kabla haijakatwa. Vipande ni viwili na kila kimoja kina pindo lake, ila pale katikati vimeshikana. Mwaka unaohesabiwa mara mbili ndio hapo katikati.

Mpango wa shahada ya kwanza na ya uzamili, ule wanaouita 4+1, nao ni hivyohivyo kwa kipimo kidogo. Uzamili wa kawaida ni krediti kama 30. Chuo kinakuruhusu kuchukua kozi tatu au nne za uzamili ukiwa bado mwaka wa nne, krediti 9 hadi 12, na zinaingia kwenye hesabu zote mbili. Uzamili wa miaka 2 unabaki mwaka mmoja.

Sasa kinachopotea ni nini? Ni ile nafasi ya kuchagua. Mwaka wa mwisho wa shahada ya Kimarekani mara nyingi umejaa kozi za hiari: mtu anaonja Kichina, anaonja astronomia, anabadili mawazo. Wa 3+3 hana huo mwaka. Kozi zote za lazima azimalize ndani ya miaka 3, na akitaka kubadili fani katikati, hesabu yote imevurugika. Kwangu mimi hiyo ndiyo gharama yenyewe, na ndiyo haiandikwi kwa herufi kubwa.

Nilizichora namba nyuma ya fotokopi iliyoharibika. Mama akasoma kwa kidole: "Kwa hiyo kinachookolewa ni mwaka mmoja tu?" Mmoja tu, dada yangu.

Hata India, wanakokwenda vijana wengi wa kwetu, ni mwaka uleule. Njia ndefu ya sheria kule ni shahada ya miaka 3 kisha LLB, shahada ya sheria, ya miaka 3. Njia iliyounganishwa, BA na LLB pamoja, ambayo chuo cha sheria cha Bangalore kilianza kuifundisha 1988 kikaipa umaarufu, ni miaka 5. Sita toa tano.

"Zote zinafupisha"

Si zote. Chukua udaktari. Marekani ni miaka 4 ya shahada ya kwanza na miaka 4 ya skuli ya udaktari. Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City kimekuwa na mpango wa miaka 6 tangu 1971, BA na MD (shahada ya udaktari) pamoja. Hapo miaka 2 imekwenda wapi? Sehemu kubwa imetoka kwenye likizo. Wanasoma mwaka mzima, ile miezi mirefu ya kiangazi ambayo wenzao wako nyumbani au vibaruani, wao wako darasani na wodini.

Brown University nao wana mpango uliounganishwa wa udaktari, na ni wa miaka 8. Nane ileile! Hakuna hata siku iliyookolewa. Kinachotolewa pale ni kiti: unaingia ukijua skuli ya udaktari inakungoja, huhangaiki na MCAT, ule mtihani wa kuingilia udaktari, na miaka 4 ya mwanzo unaweza kusoma falsafa ukipenda. Ni faida kubwa, ila si faida ya muda.

Kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) asiyekuwa na uraia wala ukazi wa kudumu wa kule ajue pia kwamba nyingi ya programu hizi za udaktari moja kwa moja hazimpokei mwombaji kutoka nje. Nimeshawachapia watu fomu kurasa kumi, sharti hilo liko ukurasa wa tisa. Siku hizi naanza kusoma kutoka nyuma.

"Wenzetu wametuacha mbali"

Hili hunichekesha kidogo. Hao madaktari watarajali mnaowaona hospitali ya Bombo wakikimbia na mafaili, walitoka kidato cha sita wakaingia udaktari moja kwa moja. MD ya Muhimbili ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Uingereza nako ni miaka 5 au 6 kutoka sekondari. Kinachoitwa njia ya mkato Marekani, kwa Mtanzania ni mwendo wa kawaida, maana kule udaktari na sheria vimewekwa ghorofa ya pili na kwetu viko chini kabisa. Kijana wa hapa anafika MD kwa miaka 5, Mmarekani wa njia ya mkato kwa 6, wa njia ya kawaida kwa 8, na bado ana miaka isiyopungua 3 ya mafunzo ya hospitali mbele yake. Ndiyo maana herufi MD zinawakoroga watu: kwetu ni shahada ya kwanza, kwao ni ya juu ya shahada.

Sheria vilevile. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, LLB ni miaka 4, na unaingia na HGL yako au HKL.

Hapo ndipo tukarudi kwenye swali la mama. Akirudi na JD, ni wakili? Hapana, si kwa karatasi hiyo peke yake. Shahada ya nje inapelekwa kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe. Kisha uwakili wa Tanzania una mlango wake, ile Law School ya Dar es Salaam, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Sheria ya ardhi ya Texas haitamsaidia mtu anayegombea shamba la minazi Pangani. Mama alicheka, kijana hakucheka.

"Akikwama, ya kwanza si tayari anayo?"

Hii dhana ningependa ife leo. Watu wanaona miaka 3 imepita, wanadhani shahada ya kwanza imeshaingia kabatini. Rudi kwenye doti: hujaikata bado. Kwenye 3+3 shahada ya kwanza kwa kawaida hutolewa baada ya kufaulu mwaka wa kwanza wa sheria, kwa sababu krediti za mwaka huo ndizo zinazoikamilisha. Ukianguka katika mwaka huo, au ukaugua, au mfadhili akafariki, unaweza kujikuta mwaka wa nne umeisha na mkononi huna shahada hata moja mpaka urudi ukamalizie krediti zilizobaki.

Kwenye 4+1 hali ni nafuu. Wapo wanaotoa shahada ya kwanza mwishoni mwa mwaka wa nne kama kawaida, ukishindwa kuendelea na uzamili unaondoka na joho lako moja. Wengine hutoa zote siku moja mwishoni, na hapo hatari inarudi. Uingereza wana uhandisi wa MEng, miaka 4 moja kwa moja hadi uzamili, na asiyefikisha alama kwa kawaida hushushwa kwenye BEng ya miaka 3, hivyo hatoki bure. India ukiiacha ile BA na LLB katikati, usitarajie kwamba lazima watakukatia kipande.

Kwa hiyo karatasi yoyote ya namna hii ikinifikia mezani, kabla ya ada, kabla ya picha za bustani zao, nauliza: nikitoka mwaka wa tatu natoka na nini? Nikitoka wa nne je? Jibu lisipokuwa limeandikwa, tunaandika barua pepe kuuliza.

"Digrii mbili kwa bei ya moja"

Unaokoa ada ya mwaka mmoja, na chakula na chumba cha mwaka mmoja. Hilo ni kweli na si dogo. Lakini miaka ya sheria au uzamili ina ada yake, mara nyingi kubwa kuliko ya shahada ya kwanza. Na ufadhili uliopewa kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza mara nyingi hukoma siku chuo kinapokuhesabu kuwa umevuka. Siku hiyo ni ipi? Kila chuo kina yake, na waliounganisha masomo ndio hasa wanaopaswa kuuliza.

Viza ya mwanafunzi ya Marekani huombi mpaka uonyeshe fedha za angalau mwaka wa kwanza. Ule usemi kwamba "utajilipia ukifika kwa vibarua" nao una mipaka: wakati wa masomo ni saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo. Bumu la bodi usilitegemee lije likulipie JD ya Marekani.

"Ni ya vipanga tu"

Kwa udaktari, ndiyo, kiti kimoja kinagombewa na watu wengi mno. Kwa 4+1, hapana. Wengi huomba wakiwa tayari chuoni, mwaka wa pili au wa tatu, na kigezo cha kawaida ni GPA, wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi. Yaani huna haja ya kuamua ukiwa na miaka kumi na nane mbele ya mashine yangu ya fotokopi.

Ila hiyo 3.0 isikudanganye. Kwetu GPA inafika 5, na 3.0 ni daraja la pili la chini, watu wanalipata huku wakiwa na sapu mbili, mitihani ya kurudia. Kwao kikomo ni 4, na 3.0 ni wastani wa B katika kila kitu. Kijana mmoja aliyetangulia kwenye foleni siku hiyo aliposikia hivyo alirudisha simu mfukoni.

"Masters ni masters"

Kwa ufupi tu. Uskoti kuna MA ambayo ni shahada ya kwanza ya miaka 4. Oxford na Cambridge mwenye BA hupewa MA baada ya miaka kadhaa bila darasa wala mtihani. Na vyuo vya teknolojia vya IIT vya India vina mpango wa miaka 5 unaotoa BTech na MTech, ya kwanza na ya uzamili, pamoja, lakini tawi la IIT Madras lililofunguliwa Zanzibar 2023 lilianza na shahada ya miaka 4 na uzamili wa miaka 2, kila moja peke yake. Jina la chuo halikuambii mpango, wala herufi hazikuambii miaka.

Hapa nyumbani utaratibu uliozoeleka ni kumaliza, kupata cheti, ndipo kuomba uzamili wa miezi 18 hadi 24. Tanga tunapenda kusema waja leo waondoka leo, lakini chuoni sijamwona bado.

Yule kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba kalamu. Nyuma ya ileile fotokopi, chini ya hesabu zangu, akaandika maswali matatu kwa Kiingereza kizuri: shahada ya kwanza inatolewa lini, ufadhili unakoma lini, na anayeshindwa mwaka wa kwanza wa sheria anarudi wapi. Nikamfungulia barua pepe, akayapeleka. Halafu akafungua ukurasa wa UDSM akaanza kujaza maombi ya LLB, mama yake amemsimamia begani, anauliza kila kisanduku kina maana gani.

Tulipofika kwenye namba ya mtihani, umeme ukakatika. Nikawaambia wakae, fundi baiskeli ana chai.