Uuguzi wa afya ya jamii: kumuuguza asiyeugua

Juzi kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti aliwasimamisha vijana wawili waliovaa fulana mpya akasema, "Hawa ndio wauguzi wetu wa afya ya jamii." Tukapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akauliza kama sasa watakuwa wanapita kumchoma mumewe sindano nyumbani. Sikumlaumu, maana ukitajiwa muuguzi unafikiria sindano. Lakini wale vijana si wauguzi. Na hata wangekuwa wauguzi, kumchoma mzee sindano sebuleni kwake hakumfanyi mtu awe muuguzi wa afya ya jamii.

Maana yenyewe ni fupi. Ni tawi la uuguzi ambalo mgonjwa wake ni kundi la watu: kijiji, mtaa, shule, kiwanda. Kupima, kuchunguza, kupanga na kufuatilia ni kulekule kwa wodini, ila faili linalofunguliwa ni la mtaa mzima, wazima na wagonjwa humohumo.

Kinachotuchanganya ni neno. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na pia ni kutoa sauti ya maumivu. Ukisikia mtu anaugua chumba cha pili usiku, unaamka. Humo ndimo tulimopata kuuguza. Ukifuata kanuni tupu, ile ya pungua na punguza, ungua na unguza, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Wasemaji wakalipeleka kwingine: kuuguza ni kukaa na anayeugua, kumgeuza, kumlisha, kumkesha. Wala si kazi ya wenye vyeti peke yao. Mtu akipiga simu kazini akasema, "Leo siji, nauguza," hakuna anayeuliza amesomea chuo gani. Kwa hiyo ndani ya neno uuguzi tayari mna kitanda kimoja, mtu mmoja na ugonjwa.

Sasa libandike na afya, ambayo ni uzima, na jamii, ambayo imetoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa jamaa, jumuiya na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Unapata kitu kama kumkesha mtu asiyeugua, naye si mmoja. Kwa sikio la Mswahili maneno haya yanagombana, na nadhani ndiyo sababu kila mtu anayaegemeza upande anaoujua.

Ugomvi huohuo ndio historia ya kazi yenyewe. Mwaka 1859, Liverpool, mfanyabiashara William Rathbone alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyemhudumia mkewe mpaka alipofariki, akamtuma kwa maskini majumbani mwao. Kabla ya mwezi kwisha Robinson aliomba aachiwe. Dhiki aliyoikuta ilimzidi. Akabembelezwa, akabaki, na baadaye mji ukagawanywa katika maeneo 18, kila eneo na muuguzi wake. Lakini bado huko kulikuwa kuuguza kwa maana ya kale, kitanda kimoja kimoja. Kilichobadilika ni mahali kilipo kitanda.

Hatua ya pili ilipigwa New York. Lillian Wald alikuwa akifundisha kina mama wahamiaji kutunza wagonjwa nyumbani, mtoto akaja kumwita. Alimkuta mama wa mtoto huyo amelala anatoka damu baada ya kujifungua. Daktari alikuwa ameondoka kwa sababu hapakuwa na fedha ya kumlipa. Mwaka huohuo, 1893, Wald na mwenzake Mary Brewster walihamia kuishi palepale mtaani, na jina la muuguzi wa afya ya umma ni yeye aliyelianzisha. Mwaka 1902 muuguzi mwenzao Lina Rogers alipelekwa katika shule nne. Huko watoto wenye trakoma (ugonjwa wa macho unaoambukiza), chawa na upele walikuwa wakirudishwa nyumbani na madaktari, na hapo habari yao ikaishia, hawatibiwi, hawasomi. Rogers aliwafuata nyumbani, akawaonyesha mama zao la kufanya, watoto wakarudi darasani. Naipenda sana habari hii. Rogers hakuanzia kwa mtoto anayelia, alianzia kwenye madawati matupu.

Huku kwetu Tanzania wapo watakaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili wakisikiliza redio kwa vikundi, kisha wanatoka kwenda kuchimba vyoo. Miaka mitano baadaye, kwenye mkutano wa Alma-Ata, mji wa Kazakhstan, mataifa yakakubaliana kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao za afya. Ni msingi huohuo: jamii inayouguzwa nayo ina mikono.

Kwa hiyo nesi anayefunga kidonda nyumbani kwako anafanya uuguzi wa majumbani, kazi njema kabisa. Bwana afya anayekagua choo na bucha ana taaluma yake. Muuguzi wa afya ya jamii utamtambua kwa daftari la chanjo. Wengine wanahesabu waliokuja kliniki, yeye anahesabu ambao hawakuja kwa dozi ya pili ya surua, kisha anauliza kwa nini. Akigundua siku ya kliniki imegongana na siku ya gulio, dawa yake ni kwenda kwa mwenyekiti kuomba siku ibadilishwe.

Baada ya mkutano nilimfuata mwenyekiti wetu pembeni. Nikamweleza kwamba wale vijana ni wahudumu wa afya ya jamii, wa ule mpango uliozinduliwa Januari 2024, na kwamba jina lao linawatosha. Muuguzi ni lazima awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na wa kwetu yupo pale zahanati. Akashukuru, akaliandika.

Yule mama alikuwa anasikiliza. "Mbona huyo wa zahanati hajawahi kufika kwangu?"

Nikamuuliza kama mjukuu anayeishi naye amemaliza chanjo.

"Zote."

"Basi, mama, amekuona kwenye daftari."