Je, wajua kwa nini jicho huona ungo kabla ya kokoto?

Hapa Goma maharagi hayaingii sufuriani bila kuchambuliwa. Mji wetu umekaa juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo, na vijiwe vyeusi hupenya kila mahali. Mama huyamwaga kwenye ungo, huinama, vidole vinasukuma punje, jicho linawinda. Mwulize wakati huo yamebaki kiasi gani: atainua kichwa kwanza ndipo akujibu. Na ungo si uko mbele ya macho yake?

Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Nyoosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo unaloliona vizuri kwa mara moja halizidi sana hapo. Kwingine ni ukungu, ndiyo maana macho hurukaruka mara tatu hivi kila sekunde. Lakini anayeamua yatue wapi, na tushike kikubwa au kidogo, ni ubongo. Sehemu zake za mbele na za utosini hutuma ishara kisogoni, kwenye sehemu ya kuonea: chembe za ubongo zinazohusika na kinachotafutwa huongezewa nguvu, nyingine hutulizwa.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia David Navon alitumia herufi kubwa zilizoundwa kwa herufi ndogo. Jaribu: panga Z ndogo nyingi zichore M. Utasoma M kwanza. Navon aliona kwamba mtu akiulizwa herufi ndogo, ile kubwa isiyofanana nayo humchelewesha. Akiulizwa kubwa, ndogo hazimsumbui. Umbo zima huwahi. Ila ukiikuza M hiyo ikajaza ukuta mbele ya pua yako, Z ndizo zitakazotangulia. Sokoni Virunga, mama anayechagua kikwembe hurudi nyuma hatua mbili aone ua zima, kisha hukivuta karibu akague rangi.

Kinachonigusa zaidi ni wagonjwa walioumia ubongo upande mmoja. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwaonyesha M ya namna hiyo, wakawaomba waichore kwa kukumbuka. Walioumia upande wa kulia walichora Z zilizotawanyika, M haipo. Walioumia kushoto walichora M, bila Z hata moja. Macho yao yalikuwa yameona karatasi ileile! Kwa mtu mzima wa afya, pande hizo mbili hupashana habari muda wote kupitia daraja nene la neva, hata hatuhisi kwamba kazi imegawanywa.

Turudi kwenye ungo. Maharagi yakiwa meupe, kijiwe cheusi hujitokeza chenyewe, hata punje ziwe nyingi namna gani, kwa sababu rangi moja tofauti huonwa bila kutafutwa. Yakiwa meusi, kijiwe hujificha kati ya wenzake. Hapo mama huyagawa mafungu madogo, akayapitia moja baada ya jingine, na anawaambia watoto wazime redio.