Utawala wa kitotalitari ni nini?

Dikteta wa kawaida anataka raia anyamaze. Utawala wa kitotalitari hautosheki na hilo: unataka raia apige makofi, aimbe, na ikiwezekana aamini. Wazee wa Lubumbashi waliokua enzi za Zaire, yaani Kongo (DRC) ya leo, wanakumbuka animasyo, ambapo wafanyakazi na wanafunzi walicheza na kumwimbia rais Mobutu sifa.

Kuingia madarakani si lazima kuwe kwa bunduki. Hitler aliteuliwa na rais wa Ujerumani kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Mwezi uliofuata jengo la bunge likaungua, na kesho yake haki za raia zikasimamishwa kwa kisingizio cha hatari. Machi, wabunge wenyewe wakampa uwezo wa kutunga sheria bila wao. Kufikia katikati ya Julai, chama chake kilikuwa pekee kisheria. Haikufika hata miezi sita! Mobutu alitumia jeshi, tarehe 24 Novemba 1965, ila naye aliwakuta watu wamechoshwa na vita na ugomvi wa rais Kasavubu na Tshombe, aliyekuwa waziri mkuu wake. Aliomba miaka mitano tu.

Kubaki ndiko kazi. Kwanza hofu: Juni 1966 wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa, mmoja wao Évariste Kimba wa Katanga, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Kisha chama: MPR, chama cha Mobutu, kiliundwa 1967, baadaye kila Mzaire akahesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende. Mwaka 1972 hata majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Kadinali Malula aliyepinga akajikuta uhamishoni Roma. Na 1973 biashara za wageni zikachukuliwa, nyingi zikaishia mikononi mwa wakubwa. Asiyeshiba kwa chama alikuwa na sababu ya kukiogopa.

Je, Mobutu alikuwa kama Stalin, dikteta wa Muungano wa Kisovieti? Mimi nasema hapana. Sura ya utawala wa kitotalitari alikuwa nayo, nguvu za kufika kila kijiji hakuwa nazo. Serikali isiyolipa mishahara, ambayo watu wake wanaishi kwa "Article 15", yaani jitafutie mwenyewe, haiwezi kumchunga kila mtu.

Makofi yalipopungua, kilichobaki kilikuwa hofu. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mei hiyohiyo wanafunzi walishambuliwa usiku ndani ya kampasi ya Lubumbashi, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo.